Sura ya 4: Leza ya Bei Poa Ndani ya Nyumba ya Zamani

Nyumba nyingi za Kashai, mjini Bukoba, zimejengwa kwa awamu. Chumba cha kwanza kilisimama pesa ya kwanza ilipopatikana, sebule ikafuata baada ya misimu kadhaa ya kahawa, jiko likaungwa ubavuni, halafu vyumba viwili vya wapangaji vikaegemezwa uani. Kila kipande kina fundi wake, na kila fundi alikuja na kamba yake na jicho lake. Toka sebuleni kwenda jikoni ukiwa umebeba beseni la maji, na maji yenyewe yatakusimulia historia ya ujenzi: hapa sakafu imepanda kidogo, pale imeshuka, na mlango wa chumba cha tatu unajifungua wenyewe ukiuachia.

Mji nao umeongeza yake. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ardhi ya mabondeni kuelekea Mto Kanoni hulowa, ikakauka, ikalowa tena, nyumba zikiwa juu yake. Kisha likaja tetemeko la Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, la ukubwa wa 5.9. Watu zaidi ya 15 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, na nyumba nyingi za matofali mkoani Kagera zikaanguka au kupasuka. Zilizobaki zimesimama zilizibwa nyufa kwa saruji, zikapakwa rangi, maisha yakaendelea. Ukuta ulioinama sentimita 1 hauonekani chini ya rangi mpya. Huonekana siku unayotaka kutundika kabati.

Ndiyo maana nasema leza ndogo ya kusawazishia, ile ya bei poa inayopangwa dukani pamoja na drili na misumeno, ina faida kubwa zaidi katika nyumba kuukuu kuliko katika nyumba mpya iliyonyooka. Kwenye nyumba mpya unaweza kupima kutoka sakafuni na ukaamini. Kwenye nyumba ya awamu nne, sakafu, dari na kizingiti ni mashahidi wenye maslahi. Leza inakuchorea mstari usiomtegemea hata mmoja wao. Inabaki kazi yako kuhakikisha mstari huo wenyewe ni wa kweli, na baadaye kuamua kama utaufuata. Mengi ya sura hii yamo katika kazi hizo mbili.

Ndani ya kiboksi hicho kinachoenea kiganjani mna timazi. Naam, timazi ile ile ya fundi wa zamani, ila imefungiwa: kipande cha chuma kinachoning'inia, yaani pendulamu, kikitafuta wima wake, na sumaku za kukituliza kisiyumbeyumbe. Ukiweka kifaa mezani na kufungua kufuli, mstari hutetemeka ukutani sekunde chache kisha hutulia. Vifaa vingi vya aina hii hujisawazisha vyenyewe iwapo meza imeinama kwa nyuzi zisizozidi 3 au 4. Ikizidi hapo, mstari huanza kumetameta au kifaa hulia, kukuambia kwamba kimeshindwa. Mwanga wenyewe hutoka kwenye diodi na kupita katika lenzi yenye umbo la kijiti. Lenzi hiyo ndiyo inayoutandaza uwe mstari badala ya nukta.

Dukani utaulizwa kama unataka nyekundu au ya kijani. Chukua ya kijani kama mfuko unaruhusu. Jicho la mwanadamu huona vizuri zaidi mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hivi. Leza nyekundu za ujenzi huwa karibu na 635, za kijani karibu na 520, na kwa nguvu ile ile ya mwanga ya kijani huonekana takriban mara 3 ya nyekundu. Diodi za kijani ni ndugu wa zile taa za LED za bluu zilizowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Zote zimetokana na galiamu naitraidi, na kuzifanya zifanye kazi kuliwasumbua wataalamu miaka mingi. Ubaya wa kijani ni kula betri. Chaji usiku, na usianze kupanga marumaru mchana ukitegemea kwamba umeme hautakatika.

Wingi wa mistari usikuchanganye. Boksi litasema 3D mistari 12, jingine 4D mistari 16, na muuzaji ataziwasha zote kwa mpigo hadi duka zima liwe na milia. Kwa anayetundika makabati na kupandisha mabomba, mistari 2 inayokatana, mmoja wa mlalo na mmoja wa wima, inamaliza kazi. Mistari 12 inaanza kulipa ukiwa unapiga dari ya jipsamu au kuweka marumaru kwenye kuta zote nne za bafu, kwa sababu mstari unazunguka chumba chote bila wewe kugusa kifaa. Vitu ambavyo ningevitazama mimi ni vya kawaida sana: kufuli la pendulamu linalokaza kweli, tundu la skrubu la kufungia kwenye stendi ya miguu mitatu, betri unayoweza kuipata tena hapa Bukoba, na maandishi yanayotaja usahihi wake. Vifaa vingi huandikwa ±3 mm kwa mita 10. Kwa kazi za nyumbani, hiyo inatosha na kubaki. Ila maandishi ya boksi ni ahadi tu, na boksi limesafiri mbali kabla ya kufika kwako.

Basi kabla ya kazi yoyote, kipime.

Tafuta chumba chenye kuta mbili zinazotazamana umbali wa mita 5 au zaidi. Sebule ikiwa fupi, tumia korido, au omba ukumbi wa jirani kwa robo saa. Weka kifaa juu ya stendi karibu kabisa na ukuta wa kwanza, kielekeze kwenye ukuta huo huo, subiri kitulie, kisha weka alama ya penseli katikati ya unene wa mstari. Sisitiza hapo pa katikati: mstari wa leza hizi una unene wa milimita 2 au 3 ukiwa mita 5 mbali, na ukiweka alama moja juu ya mstari na nyingine chini yake umeshaingiza kosa kubwa kuliko unalolitafuta. Sasa zungusha kifaa bila kukiinua wala kukishusha, kielekee ukuta wa pili, weka alama huko.

Hamisha stendi hadi karibu kabisa na ukuta wa pili. Ipandishe au ishushe mpaka mstari upite juu ya alama uliyoiweka huko. Zungusha kifaa kitazame tena ukuta wa kwanza, na sasa angalia mstari umeangukia wapi ukilinganisha na alama ya kwanza. Ikiwa umerudi pale pale, una kifaa kizuri. Ikiwa kuna nafasi kati ya alama na mstari, pima nafasi hiyo kwa rula. Nafasi hiyo ni kosa lililojirudia mara mbili, kwa sababu mwanga umekosea ukienda na umekosea tena ukirudi. Kwa kuta zilizoachana mita 5, tofauti ya milimita 3 bado iko ndani ya ahadi ya boksi. Ukiona 8 au 10, kirudishe dukani siku hiyo hiyo na risiti yako, maana kukifungua mwenyewe ukajaribu kukirekebisha ni kununua matatizo.

Kuna kosa jingine ambalo kipimo hicho hakiligundui: mstari unaweza kuwa sahihi katikati na ukapinda pembeni, ncha moja juu na nyingine chini. Simama mbali na ukuta, weka alama mahali ambapo ncha ya kushoto ya mstari inapita, kisha zungusha kifaa taratibu hadi ncha ya kulia ifike kwenye alama ile. Ikipita juu yake au chini yake, umeshajua. Na kwa mstari wa wima, tundika timazi ya kawaida, uzi na uzito, kwenye fremu ya mlango, ngoja utulie, umulike. Mwanga na uzi vifuatane kuanzia juu hadi chini.

Ukitaka hakimu wa mwisho, nunua mpira wa plastiki unaopenyeza mwanga, wa mita 10, ujaze maji. Mafundi wetu wamesawazishia misingi na lenta kwa mpira huo tangu zamani, na wapo wanaoutumia hadi leo wakiwa na leza mfukoni. Maji katika ncha mbili za mpira ulio wazi hukaa kwenye kimo kimoja, haijalishi mpira umepita wapi katikati, na hayana betri ya kuisha wala pendulamu ya kugongwa. Yana adui mmoja tu, kiputo cha hewa, na kiputo utakiona kwa macho. Weka rangi kidogo ndani ya maji ili kimo kionekane vizuri, gonga gonga mpira mpaka viputo vitoke, kisha linganisha na mstari wa leza kwenye pembe mbili za chumba. Maji na leza vikigombana, amini maji.

Msomaji anayeishi kando ya Ziwa Victoria, lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, anaweza kuuliza: lakini si uso wa maji nao umejikunja kufuata umbo la dunia? Umejikunja kweli. Kwa kilomita 1 mkunjo huo unafika karibu milimita 78. Kwa mita 10 za sebule yako ni chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, kwa hiyo acha wapima ardhi wahangaike nao.

Kwa nini tusumbuke na leza, basi, kama mpira wa maji una haki ya mwisho? Kwa sababu mpira unataka watu wawili, mmoja kila ncha, na mazungumzo ya "pandisha, shusha, hapo hapo, umepitiliza" yasiyokwisha. Kwa leza unafanya kazi peke yako, mikono yote miwili iko huru, na mstari uko kila mahali kwa wakati mmoja. Kwa mwenye nyumba asiye fundi, anayefanya kazi zake Jumamosi baada ya kufua, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi itafanyika au itasubiri mwakani.

Tuanze na kazi ambayo Bukoba inaidai kuliko zote: gata. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa linalofunika mita 8 kwa 7, yaani mita za mraba 56, hupokea kwa mwaka wa milimita 2,000 lita 112,000. Hata nusu yake ikipotea, kilichobaki kinajaza simtanki la lita 5,000 mara 11. Maji hayo yakiachwa yaanguke kutoka kwenye bati, yanachimba mfereji kando ya msingi, na msingi ukishaoshwa ukuta hufuata. Gata lililowekwa vibaya nalo hujaza katikati, hufurika upande usiotakiwa, na maji yaliyotuama ndani yake huwa kitalu cha mbu.

Gata linahitaji mteremko mdogo, karibu milimita 5 kwa kila mita. Kwa urefu wa mita 8 hiyo ni sentimita 4 kutoka mwanzo hadi mwisho. Mteremko huo ni mdogo mno kwa jicho na pima maji fupi haiuoneshi vizuri, ila kwa leza ni kazi nyepesi: piga mstari wa mlalo juu ya fisha bodi kutoka ncha hadi ncha, weka alama upande wa juu kwenye mstari wenyewe, nenda upande wa simtanki, pima sentimita 4 kushuka chini ya mstari, weka alama ya pili. Gonga misumari kwenye alama hizo mbili, vuta uzi kati yao, na kila kishikizo cha gata kifuate uzi. Leza imekupa mlalo, tepu imekupa mteremko. Ikiwa nyumba ni ndefu na sentimita hizo zinakuwa nyingi, fanya katikati kuwe juu, gata literemke pande mbili, na uweke bomba la kushushia maji kila upande.

Shida ni jua. Mchana, uani, mstari wa kijani hauonekani hata ukiukodolea macho. Leza kubwa za wakandarasi huwa na kipokezi kinachoudaka mwanga na kulia, lakini vifaa vya bei poa vingi haviji nacho, na vingine haviwezi kukitumia kabisa. Fanya alama jioni. Bukoba iko mbali upande wa magharibi wa saa za Tanzania, jua linazama karibu saa 1 jioni wakati Dar es Salaam kumekwisha kuingia giza, na kwa kuwa tuko chini kidogo tu ya ikweta, giza huja haraka. Tayarisha stendi, ngazi, penseli na misumari mapema. Mwanga wa kufanyia kazi hiyo ni wa nusu saa hivi: jua limetua, mstari umetokea, na ngazi bado unaiona.

Bafuni hesabu hugeuka. Sakafu inatakiwa iteremke kuelekea tundu la maji kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na watu wengi hujichanganya hapa kwa sababu wanapima kutoka kwenye mstari kushuka chini. Tuseme umepiga mstari sentimita 30 juu ya kizingiti cha mlango, na tundu liko mita 1 na nusu kutoka hapo. Tepu ikisoma 30 mlangoni, kwenye tundu inatakiwa isome kati ya 31 na nusu na 33. Namba ikiwa kubwa, sakafu iko chini. Ukisoma 29, maji yatakuja chumbani kwako. Pima nukta nyingi kabla fundi hajachanganya saruji, ziandike sakafuni kwa chaki, na utaona mlima na bonde la sakafu yako kama ramani. Sehemu iliyo juu kuliko zote ndiyo inayoamua unene wa kazi nzima.

Kwa rafu na makabati sina mengi ya kusema, mstari wa mlalo unajieleza. Nitataja tu matumizi ya mstari wa wima ambayo watu huyasahau. Kabla ya kutoboa ukuta, pitisha mstari wa wima juu ya kila swichi na kila soketi iliyo karibu. Mafundi umeme kwa kawaida hupandisha bomba la nyaya wima kutoka hapo kwenda darini. Mstari huo unakuonesha ukanda wa kuukwepa, sentimita 10 au 15 kila upande, na zima umeme kwenye meni swichi hata hivyo, kwa sababu nyumba za awamu nne zimepitiwa pia na mafundi umeme wanne.

Sasa tufike kwenye ugomvi.

Mama mmoja mwenye nyumba Kashai alikuwa akiwekewa makabati ya jikoni, safu ya mita 3, chini kidogo ya dari ya mbao. Fundi alikuwa kijana, na leza alikuwa nayo. Alipiga mstari, akatundika kila kabati juu ya mstari, akarudi nyuma kutazama. Mama naye akatazama.

"Mwanangu, yamekaa upande."

"Hapana mama, yamenyooka. Leza haidanganyi, waitu."

"Mimi ndiye nitakayeyatazama nikipika. Yamekaa upande."

Wote wawili walikuwa sahihi. Dari ilikuwa imeshuka sentimita 2 kati ya ncha moja na nyingine, kwa hiyo pengo kati ya makabati na dari lilianza nene likaishia jembamba, na jicho hulinganisha kila kitu na jirani yake wa karibu. Makabati yaliyonyooka chini ya dari iliyoinama huonekana yameinama. Kijana alikuwa na mstari wa dunia, mama alikuwa na mstari wa nyumba, na hakuna kifaa kinachoweza kuamua kati yao.

Kanuni ninayoitumia ni hii. Kitu kinachoguswa na maji, kinachobiringika, au chenye mlango wa kujifunga na kujifungua, kifuate leza bila huruma: sinki, jiko la gesi, mlango, gata, meza ya kukatia. Yai likibiringika kutoka mezani halitajali dari iko wapi. Kitu kinachotazamwa tu, kifuate jirani yake: picha juu ya sofa, ukanda wa marumaru chini ya dirisha, rafu ndefu iliyo karibu na dari. Kabati liko katikati ya makundi hayo, lina milango na pia linatazamwa, na ndiyo maana linaleta maneno. Pale kwa mama, dawa ilikuwa ubao wa urembo uliokatwa kwa mshazari, mwembamba upande mmoja na mpana upande wa pili, ukaziba pengo lote. Milango ikabaki inafunga vizuri na jicho likapumzika. Babu zetu hawakuwa na tatizo hili. Msonge wa Kihaya, nyasi zikiteremka kutoka kileleni hadi chini, haukuwa na kona ya kugombana nayo. Ugomvi ulikuja na vyumba vya pembe nne, na umezidi tangu makabati yaanze kutoka kiwandani yakiwa yamenyooka kuliko kuta zetu.

Marumaru za ukutani zinataka uamuzi huo ufanyike kabla ya kigae cha kwanza. Kosa lililozoeleka ni kuanzia sakafuni, ukapanga safu ya kwanza ikifuata sakafu iliyoinama, na kufikia safu ya 6 pembe haziungani tena. Piga mstari wa mlalo kimo cha safu ya pili, gonga ubao ulionyooka juu ya mstari huo, anza kupanga kutoka kwenye ubao kwenda juu. Safu ya chini kabisa iweke mwisho, ukikata kila kigae kulingana na sakafu ilivyo. Sakafu mbaya itajificha kwenye kipande kilichokatwa, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Kuna matumizi ya leza ambayo sijayaona kwenye maandishi ya boksi lolote, na kwa mkoa uliotikiswa mwaka 2016 yanafaa kuliko mengine: kufuatilia ukuta. Chukua ukuta unaoutilia shaka. Weka kifaa pembeni yake ili mstari wa wima upite sambamba nao, sentimita 10 kutoka kwenye uso wa ukuta. Shika rula ikiwa imegusa ukuta na soma mwanga unapoiangukia: karibu na sakafu, kimo cha kifua, karibu na dari. Tuseme unapata 10.0, kisha 10.4, kisha 11.2. Ukuta huo umeinama sentimita 1.2 kwenda upande usioutazama. Kwa kimo cha mita 2 na nusu kifaa chenyewe kikikosea kadiri boksi linavyoruhusu hakifikishi milimita 1, kwa hiyo unachokisoma ni ukuta. Andika namba na tarehe kwenye daftari, weka alama ya kalamu isiyofutika mahali ulipopimia, na kwenye ncha za kila ufa andika tarehe pia.

Rudia baada ya masika, na tena baada ya vuli. Namba zikibaki zile zile, una ukuta uliochoka ambao umetulia, na unaweza kuupiga plasta kwa amani. Zikiongezeka, hata kwa milimita chache, acha mambo ya rangi, ita mhandisi. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na kupita rekodi ya 1964, ardhi ya chini kando ya ufuo na mito ililowa kuliko ilivyozoea, na nyumba iliyo kwenye udongo wa namna hiyo ina haki ya kutazamwa kwa vipimo. Leza haitakwambia ufa una kina gani wala chuma ndani ya lenta kiko katika hali gani. Itakupa namba za kumwonesha anayejua, na mhandisi hukusikiliza vizuri zaidi ukija na daftari.

Machache ya utunzaji. Leza hizi nyingi ni za daraja la 2, chini ya miliwati 1. Mwanga ukipita machoni kwa bahati mbaya, kope hufunga zenyewe kabla ya madhara. Hatari ni mtoto anayeambiwa akodolee macho kwa mchezo, au kioo cha kabati kinachorudisha mwanga usoni mwako ukiwa juu ya ngazi. Weka mstari juu au chini ya kimo cha macho ya watu wa nyumba. Funga kufuli la pendulamu kila unapokibeba, hata kutoka chumba hadi chumba. Kifaa kilichopanda bodaboda kutoka Bukoba hadi kijiji kimoja cha Muleba, kupitia Kemondo na kumalizia barabara ya vumbi, pendulamu ikiwa wazi, kimegongagonga njia nzima na hakistahili kuaminiwa kikifika. Toa betri kama hutakitumia kwa wiki kadhaa. Unyevu wa huku ukitanda ndani ya kioo, kiache mahali pakavu kikauke chenyewe, usikianike juani.

Halafu kuna majirani. Ukishakuwa na leza mtaani, haikai kabatini. Atakuja wa kupanga marumaru, atakuja wa kutundika televisheni, na kumnyima jirani kitu kidogo hivyo ni kujitafutia maneno. Azima, ila mwoneshe kufuli kabla hajaondoka nacho, na mwambie kikianguka aseme, hutamlipisha. Kikirudi, hata akikurudishia kimefungwa kwenye mfuko wake na kimefutwa vumbi, kipeleke kwanza kwenye zile kuta mbili za mita 5 na upime tofauti.